Fundi Fyuzi na Pasi za Dada Yake

Mtaa mzima ulimwita Fundi Fyuzi, na yeye aliitika bila kinyongo, ingawa kila alipoitika kitu kilimchoma ndani. Jina lilitokana na tabia yake. Ukimwita nyumbani kwako akufungie taa ya barazani, kabla hajatoa hata bisibisi mfukoni ataomba kwanza kuona meinswichi ilipo. Atapanda kiti, atafungua kifuniko, atachomoa fyuzi moja moja na kuzichungulia kama mama anayechungulia masikio ya mtoto kabla ya kumpeleka shule. Akikuta mtu amefunga waya mnene mahali pa uzi wa fyuzi, salamu zimeishia hapo. Atakusema wewe, atamsema fundi aliyekutangulia, atawasema na waliomfundisha huyo fundi, kisha ataung'oa ule waya na kuweka uzi unaostahili, awe ameombwa au hakuombwa.

Watu walicheka. Walisema mzee yule hata akifika mbinguni, atauliza kwanza meinswichi iko wapi ndipo aingie. Walijua kwamba tabia ile ilianza baada ya chumba cha ushonaji cha dada yake kuungua, wakamhesabia kuwa mtu mwenye busara: kaona ya mwenzake, kajifunza. Kwamba alikuwa akijifunza kutokana na kosa lake mwenyewe, hilo hakuna aliyelijua.

Dada alimzidi miaka tisa. Mama yao alipofariki, fundi alikuwa bado anang'oka meno ya utoto, na dada ndiye aliyegeuka kuwa mama bila kuulizwa kama anataka. Alikuwa na cherehani ya kukanyaga, na kwa miguu yake miwili alimsomesha mdogo wake mpaka chuo cha ufundi. Jioni kijana akirudi na daftari, dada alimtaka amweleze alichofundishwa siku hiyo. Hakuwa na haja na umeme. Alitaka tu kuhakikisha kwamba hakanyagi cherehani bure.

Siku moja kijana alimweleza habari za ukinzani. Volti, alisema, ni ule msukumo unaousukuma umeme. Ampea ni wingi wa umeme unaopita. Omu ni kipimo cha jinsi waya unavyoukatalia usipite. Dada alimsikiliza huku ameshika pini kwa meno, kisha akamuuliza kama hiyo si sawa na watu wanaotoka uwanjani baada ya mechi. Wakiwa wengi na mlango ni mwembamba, si watasuguana? Na wakisuguana, si watapata joto? Kijana aliduwaa, maana mwalimu alikuwa amejaza ubao mzima ndipo akafika hapo. Kesho yake alilitoa wazo hilo darasani kama lake, akasifiwa mbele ya wenzake, na hakusema amelipata kwa nani. Mtu mkali angesema mambo yalianza kuharibika siku ile. Mimi sisemi hivyo, ila silifichi.

Miaka ikapita. Dada akaolewa na karani mmoja mpole, mtu wa maneno machache na mashati meupe, ambaye fundi alimpenda kuliko shemeji wengi wanavyopendwa. Karani alitumia likizo zake tatu mfululizo kumjengea mkewe chumba cha ushonaji kando ya nyumba. Alipanga matofali mwenyewe, akapiga dari ya mbao mwenyewe, na ukutani akatundika picha ya marehemu mama yake yeye karani, picha pekee aliyowahi kuwa nayo, ili mama naye awe anaangalia kazi. Umeme ulibaki kwa shemeji. Nani mwingine?

Fundi akaja siku ya Jumamosi na waya aliobakiwa nao kwenye kazi nyingine. Ulikuwa mwembamba, waya wa taa, si wa soketi. Alijua. Lakini ndani ya chumba kulikuwa na cherehani mbili za mota ndogo, taa mbili na pasi moja, na pasi ya wati elfu moja kwenye volti mia mbili na arobaini hunywa ampea nne na kidogo tu. Waya ule uliziweza hizo bila jasho. Katikati ya dari ukamwishia, akaunga kipande kingine: akasokota ncha kwa koleo, akazungushia tepu, akaendelea. Kiungo cha namna hiyo hakishikani kama waya mzima. Akajiambia atakuja kukirekebisha akipata nafasi, na kama ujuavyo, kinyozi hajinyoi. Fundi hukosa nafasi kwa ndugu zake kuliko kwa mtu yeyote.

Kazi ya dada ilikua. Pasi zikawa tatu, kisha ikaja pasi kubwa ya mvuke ya wati elfu mbili, na wasichana watatu wa kusaidia, mmoja wao akiwa binti yake mwenyewe. Ndipo fyuzi ikaanza kukatika. Wakiwasha pasi mbili, sawa. Wakiwasha tatu na ile ya mvuke, giza. Hesabu yake haikuhitaji chuo: wati elfu tano ukizigawanya kwa volti mia mbili na arobaini unapata ampea ishirini na kidogo, na fyuzi ilikuwa ya ampea kumi na tano. Fyuzi ilikuwa inafanya kazi yake. Fyuzi ni mlinzi. Kale kauzi kembamba kamewekwa pale ili kaungue kenyewe, nyumba isiungue.

Siku dada alipomwita, kulikuwa na sare za shule nzima zinangoja kupigwa pasi, na shule ilikuwa inafunguliwa keshokutwa. Fundi naye alikuwa amepata kazi kubwa kuliko zote za maisha yake, kiwanda cha kukamua mafuta, na gari la kiwanda lilikuwa linamsubiri nje likinguruma. Mafundi wa pale walikuwa na mbinu yao, waliiita "kumlaza mlinzi." Unachuna kipande cha waya, unachomoa nyuzi tatu za shaba, unazisokota pamoja, unazifunga mahali pa uzi wa fyuzi. Haikatiki tena. Kila fundi aliijua, kila fundi aliwahi kuifanya, na kila fundi aliapa kwamba ni ya muda tu. Dakika tano tu, fundi akawa amemlaza mlinzi.

"Ya muda tu, dada," alisema. "Wiki ijayo nakuja kubadilisha waya wote."

Dada alimshukuru. Alimfungia na maandazi ya njiani.

Wiki ijayo haikuja, wala ile iliyofuata. Dada akampigia simu kumwambia kwamba pasi ya mvuke ikiwaka, taa zinafifia. Fundi akamjibu kwamba umeme wa mtaa ule ni mdogo. Mwezi wa pili akapiga tena: kuna harufu, kama ya mpira uliowekwa juani. Fundi alikuwa juu ya ngazi kiwandani, simu ameibana kwa bega. Akamwambia ni waya, unazoea mzigo.

Waya hauzoei mzigo. Hilo ndilo jambo ambalo baadaye lilimkosesha raha kuliko mengine yote, kwa sababu hapo hakusahau wala hakuchelewa, hapo alidanganya. Taa zikififia, maana yake ni kwamba sehemu ya volti inaliwa njiani, na yeye alijua ni wapi. Kiungo kibovu kinaweza kufika nusu omu, nusu omu tu. Ampea nne zikipita hapo, joto lake ni wati nane, huwezi kuchemshia hata kikombe cha chai. Lakini joto la waya haliongezeki sawasawa na mkondo, yaani zile ampea. Mkondo ukiwa mara mbili, joto ni mara nne. Mkondo ukiwa mara tano, joto ni mara ishirini na tano. Ampea ishirini zikipita kwenye nusu omu ile ile, unapata wati mia mbili. Alikuwa amemwekea dada yake jiko dogo juu ya dari ya mbao, katikati ya vumbi na nyuzi za nguo, na mlinzi pekee aliyeweza kulizima alikuwa amelazwa.

Moto ulitoka mchana, saa ya chakula. Asubuhi ile pasi zote nne zilikuwa zimewaka mfululizo. Dada na wasichana walifunga mlango wakaenda kula nyuma ya nyumba, na kabla sahani hazijaoshwa jirani mmoja akaja mbio akipiga kelele. Hakuna aliyeumia. Ila chumba kiliisha. Dari, cherehani, nguo za wateja, na ile picha ya ukutani.

Fundi alifika majivu yakiwa bado yana moto chini. Alikwenda moja kwa moja kwenye meinswichi, ambayo ilikuwa kwenye ukuta wa nje na haikuguswa na moto. Akachomoa fyuzi. Nyuzi tatu za shaba zilikuwa zimekaa vilevile, nzima, zinang'aa. Akazitia mfukoni. Kisha akaingia ndani na kuona jambo la pili. Soketi zote nne za pasi ukutani zilikuwa tupu. Plagi zilikuwa sakafuni, chini ya mabaki ya meza, plastiki imeyeyuka lakini meno ya shaba yanaonekana: moja, mbili, tatu, nne. Dada alikuwa amezichomoa zote kabla ya kwenda kula; moto ulikuwa umeshaanza kufukuta darini, kwenye kile kiungo, tangu pasi zilipokuwa zinawaka.

Nje, mkaguzi wa zimamoto alikuwa na karatasi mkononi na mioto mingine miwili ya kwenda kuiandika siku hiyo hiyo. Alimuuliza dada kama kulikuwa na kitu kilichoachwa kinawaka. Dada alikuwa amekaa chini, khanga imemwanguka mabegani. Alisema labda pasi. Alisema hakumbuki kama alizichomoa. Alisema ni kama anakumbuka, lakini hana hakika. Mkaguzi akamgeukia fundi.

"Wewe si ndiye fundi? Unasemaje?"

Fundi akasema, "Pasi zina hatari zake."

Hayo tu. Ukiyachukua neno kwa neno si uongo, na ndiyo maana yalimtoka kwa urahisi. Mkaguzi akaandika pasi iliyosahauliwa, akaomba sahihi, akaondoka. Fundi alijiambia atamweleza dada wakiwa peke yao, moyo ukishatulia. Kesho yake alikuta watu wengi. Wiki iliyofuata alikuta dada anaumwa. Baada ya mwezi likawa jambo ambalo limeshasemwa na kila mtu, na kulikanusha kungehitaji aeleze kwa nini alinyamaza mwezi mzima. Ukimya nao una riba kubwa kuliko mkopo wowote. Ukapita mwaka, ikapita miwili, mwisho ikawa kumi na mmoja.

Karani hakumlaumu mkewe. Mara moja tu, wakiwa wanatoka nyumbani kwenda hospitali, alimwambia kwa upole, "Ukitoka uwe unaangalia nyuma." Huyo ndiye aliyesema kidogo kuliko wote, na ndiye aliyesikika kuliko wote. Tangu siku hiyo dada aliangalia nyuma mpaka shingo ikamuuma. Alitoka mlangoni akarudi kutazama jiko, akatoka, akarudi tena. Aliwahi kuondoka katikati ya mazishi ya rafiki yake kwenda kuhakikisha kwamba ndoo haijawekwa juu ya moto. Pasi hakuigusa tena. Nguo zake alizikunja vizuri, akaziweka chini ya godoro, akazilalia mpaka zikanyooka. Akina mama wa kikundi chake walimtaka aendelee kutunza daftari la mahudhurio, akakataa. Alisema kichwa chake kinavuja. Wajukuu walipozaliwa hakukubali kuachiwa hata mmoja, hata kwa nusu saa. "Nitamsahau mahali," alisema huku anacheka, na watu wakacheka naye, kwa kuwa alilisema vizuri.

Fundi hakucheka. Kila Ijumaa alikwenda kumwona, akamtengenezea hiki na kile, akabadilisha waya wa nyumba nzima bila kuombwa. Dada aliwaambia majirani kwamba hajaona ndugu anayejali kama huyu. Siku hizo ndizo alizorudi kwake akashindwa kula.

Halafu karani akafariki, baada ya kuugua kwa muda mfupi, na miaka miwili baadaye yule binti, ambaye sasa alikuwa mwanamke mtu mzima mwenye sauti ya kuamrisha, akafungua chumba chake mwenyewe cha ushonaji. Alimtaka mjomba wake afunge umeme. Na alimtaka mama yake aje akate vitambaa, maana hakuna mkono kama ule mjini kote. Mama akakataa katakata. Alisema amekwisha kuunguza chumba kimoja, hataki kumuunguzia na mtoto.

Fundi alifanya kazi ile kama mtu anayeandika barua ya kuomba radhi. Waya mnene kwa soketi, kila pasi na njia yake, hakuna kiungo hata kimoja darini. Mpwa wake alikaa juu ya marobota ya vitambaa akimuuliza maswali, naye alimjibu kwa raha, kwa sababu tangu enzi za dada hakuna aliyemuuliza maswali ya maana. Akamweleza kwa nini waya mnene una ukinzani mdogo. Akamweleza jinsi ya kugawanya wati kwa volti ili kujua ampea. Akamwonyesha fyuzi na kumwambia kwamba njia hii ni ya ampea kumi na tano, kwa hiyo hata iweje asijaribu kuunganisha pasi tatu na ya mvuke mahali pamoja.

"Itakuwaje nikiunganisha?"

"Itakatika. Ndiyo kazi yake."

Mpwa alianza kuhesabu kwa vidole, midomo ikimcheza.

"Mjomba," alisema, "kwa mama tulikuwa tunawasha tatu na ya mvuke. Kutwa nzima. Mbona ilikuwa haikatiki?"

Fundi alikuwa ameshika bisibisi. Aliiangalia kama ndiyo iliyoulizwa. Angeweza kusema fyuzi za zamani zilikuwa tofauti, na binti angeamini, maana ni mjomba wake na ndiye fundi. Alifungua mdomo aseme hivyo hivyo. Halikutoka. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na nane na alikuwa amechoka na uongo ule kama mtu anavyochoka na jino bovu.

"Ngoja nimwambie mama yako kwanza," alisema.

Mpwa alimtazama kwa muda mrefu. Hakuwa mjinga, na mama yake hakumzaa mjinga. Alishuka juu ya marobota, akaichukua bisibisi mkononi mwake, akaiweka mezani.

"Nenda leo, mjomba. Taa zitangoja."

Njia ya kutoka pale mpaka kwa dada ni mwendo wa robo saa, naye aliitembea kwa karibu saa nzima. Alisimama kwa muuza magazeti akasoma vichwa vya habari ambavyo asingeweza kukutajia hata kimoja. Akasalimiana na watu wawili waliomtania kuhusu fyuzi zao. Alijiambia dada ni mwanamke wa miaka sitini na saba, mwenye shinikizo la damu, na kwamba si vizuri kumshtua. Akajiambia pia kwamba hiyo ni hila nyingine, ameshaitumia. Basi akapiga moyo konde, akabisha hodi.

Dada alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Alimkaribisha, akamuuliza kama amekula, akamwambia anaonekana amekonda. Fundi akakaa kwenye kigoda mbele yake kama alivyokuwa akikaa na daftari lake, na akaanza vibaya, kwa kumweleza habari za mkondo na ukinzani. Dada alimwacha aendelee kidogo, kisha akamwambia aseme kilichomleta.

Akasema. Alisema waya ulikuwa mwembamba na yeye alijua. Alisema kiungo cha darini. Alisema nyuzi tatu za shaba, na jinsi alivyozitia mfukoni kabla mkaguzi hajaziona. Alisema ile harufu haikuwa ya waya kuzoea. Alisema yote haya akiangalia mchele, na alipofika kwenye plagi ikabidi aanze tena.

"Zilikuwa nje ya soketi, dada. Zote nne. Ulizichomoa zote kabla hujatoka."

Mikono ya dada ilisimama juu ya ungo.

"Sema tena."

"Ulizichomoa zote nne. Nilizihesabu."

"Hata ya mvuke?"

"Hata ya mvuke."

Dada aliweka ungo chini, taratibu, ili mchele usimwagike. Alisema kwamba alikuwa anakumbuka. Plagi ya mvuke ilikuwa ngumu kutoka, akaikamata kwa upindo wa khanga kwa sababu ilikuwa ya moto. Alikumbuka mpaka rangi ya khanga. Lakini kila mtu aliposema ni pasi, akaona basi hiyo itakuwa kumbukumbu ya siku nyingine. Miaka yote kumi na mmoja alikuwa akiiona plagi ile mkononi mwake na kuiambia kwamba inamdanganya.

Fundi alianza kusema anaomba msamaha. Alikuwa amelitunga neno hilo njiani, refu na zuri. Dada aliinua kiganja, akalikata.

"Unamkumbuka shemeji yako siku zile za mwisho?" aliuliza. "Nilimwambia anisamehe. Nikamwambia, chumba ulichonijengea kwa mikono yako nimekiunguza, na picha ya mama yako nimeiunguza. Nisamehe kabla hujaenda."

Fundi aliitikia kwa kichwa.

"Akaniambia alishanisamehe zamani. Ilimchukua muda kulimaliza neno hilo, maana pumzi ilikuwa imekwisha." Alijifuta uso kwa kiganja, mara moja, kama mtu anayejifuta jasho. "Na wewe ulikuwa umekaa upande wa pili wa kitanda. Ulikuwa umemshika mkono."

"Nilikuwepo," fundi alisema.

"Ulikuwepo."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Fundi alitamani amtukane, amrushie ungo, amfukuze kama mbwa, kwa sababu hayo yote yana mwisho wake na mtu anaweza kuyaomba radhi. Aliona sasa kitu ambacho hakuwahi kukiona katika miaka yote ya kujisuta usiku na mchana. Alidhani ana deni na dada. Kumbe kulikuwa na mtu mwingine, mpole, wa mashati meupe, aliyetumia pumzi zake za mwisho kumsamehe mkewe kosa ambalo hakulitenda, na mtu huyo hapatikani tena kuambiwa kitu.

"Mimi nitakusamehe," dada alisema. "Sijui lini. Wewe ni mdogo wangu, nitakupeleka wapi. Lakini leo ondoka."

"Dada, nikuitie binti yako aje akae nawe?"

"Usimwite mtu. Ondoka tu, ufunge mlango."

Akaondoka, akafunga mlango. Alikusudia kwenda zake, lakini akajikuta ameegemea ukuta chini ya dirisha, jua la saa tisa likimpiga usoni. Kisha akasikia kigoda kikiburutwa, na sauti ya dada, si ya kulia, bali ile sauti ya kawaida ambayo mke humsemesha nayo mumewe aliye chumba cha pili.

"Baba watoto," alikuwa anasema. "Nilizichomoa. Unasikia? Nilizichomoa zote."